Kadi imefutwa, faini za E-ZPass zimemiminika: namna ya kuzipinga

Kisa chenyewe ni kilekile. Benki inaona muamala wa kutilia shaka, inafuta kadi yako ya mkopo na kukutumia nyingine. Unabadilisha namba ya kadi kwenye malipo ya simu na ya umeme, lakini E-ZPass, mfumo wa Marekani wa kulipia tozo za barabara kwa tagi inayobandikwa kwenye kioo cha gari, unaisahau. Salio la tozo linashuka, mfumo unajaribu kukata fedha kwenye kadi ya zamani, inakataliwa. Gari nalo linaendelea kupita chini ya kamera kila siku, na bahasha zinaanza kuingia.

Wengi hudhani kadi mpya ingejiunga yenyewe, kwa sababu huduma nyingine ziliendelea kukata fedha bila tatizo. Ni kweli Visa na Mastercard wana utaratibu wa kupeleka namba mpya kwa wafanyabiashara waliojiunga nao, lakini si kila mtoza malipo amejiunga, na si kila benki hutuma taarifa kadi inapofutwa kwa sababu ya wizi. Usiutegemee.

Hatua ya 1: Ziba tundu kabla ya kuandika barua

Kila unapopita ni kosa jipya lenye faini yake. Ukitumia wiki mbili kutunga malalamiko huku akaunti bado iko hasi, unaongeza faini za kupinga. Kwa hiyo leo hii ingia kwenye akaunti, weka kadi mpya, na lipa mpaka salio liwe chanya. Ofisi yako ikiruhusu njia ya pili ya malipo, iweke pia.

Ukiwa humo, hakiki kwamba namba ya gari iliyoandikwa ndiyo iliyo kwenye gari hivi sasa, kwamba tagi inaonekana hai, na kwamba anwani ni sahihi. Hapa pana mtego: bili na notisi nyingi hutumwa kwenye anwani ya usajili wa gari iliyoko DMV (ofisi ya jimbo ya usajili wa magari), wala si ile ya akaunti yako ya E-ZPass. Uliyehama bila kuwaarifu DMV utaziona faini zikiwa zimeshakomaa. New York na California zinataka uwaarifu ndani ya siku 10.

Piga picha ya skrini inayoonyesha salio na tarehe. Utaihitaji.

Jambo ambalo huwachanganya wengi: kujaza akaunti hakufuti notisi zilizokwisha kutoka. Fedha hizo hufidia salio hasi na safari zijazo. Notisi ina namba yake na hulipwa au hupingwa peke yake.

Hatua ya 2: Jua umeshika karatasi gani

Kwa New York, barua ya kwanza ni bili ya tozo, nayo ina siku 30. Usipolipa, ya pili huja na nyongeza ya dola 5. Baada ya hapo ndipo inapoingia notisi ya ukiukaji, ambayo kwenye barabara ya Thruway huongeza dola 50 kwa kila tozo. Ukiwa bado kwenye bili mbili za mwanzo, usihangaike na rufaa: piga simu, omba safari zihamishiwe kwenye akaunti yako, jambo liishe.

Hesabu inaonyesha kwa nini uwahi. Mwaka 2024 gari dogo lenye E-ZPass ya New York lililipa dola 6.25 kuvuka daraja la Mario Cuomo. Anayetumiwa bili kwa posta aliongezewa asilimia 75, yaani karibu dola 11. Safari kumi ambazo zingekugharimu dola 62.50 zinakuwa karibu 110, na zikifika kwenye notisi ya ukiukaji zinaongezeka 500. Unadaiwa zaidi ya dola 600.

Kama taarifa imekuja kwa meseji ya simu yenye kiungo cha kulipia, usikibonyeze. Aprili 2024 FBI ilionya kuhusu meseji za matapeli wanaojifanya ofisi za tozo, baada ya kupokea malalamiko zaidi ya 2,000 tangu mwanzoni mwa Machi. Fungua tovuti ya ofisi kwa kuandika anwani yake mwenyewe, kisha tafuta namba ya notisi humo. Isipopatikana, piga namba iliyo kwenye tovuti hiyo, si iliyo kwenye meseji.

Hatua ya 3: Kusanya ushahidi

Hapa ndipo kesi hushinda au kufa. Unahitaji:

- Barua kutoka benki yenye tarehe kadi ilipofutwa na sababu. Omba kwa simu au kwa ujumbe wa ndani ya programu ya benki. Sema wazi kwamba unataka tarehe iandikwe.
- Taarifa ya akaunti ya E-ZPass kuanzia angalau mwezi mmoja kabla ya kadi kufutwa hadi leo. Inathibitisha kwamba ulikuwa ukilipa vizuri, na mara nyingi inaonyesha jaribio la kukata fedha lililoshindikana.
- Ile picha ya skrini ya salio chanya.
- Nakala ya kila notisi, mbele na nyuma.

Kisha tengeneza jedwali: namba ya notisi, tarehe na saa, mahali, tozo, faini. Linganisha kila safari na tarehe ya kufutwa kadi. Safari zilizotangulia tarehe hiyo, wakati salio lilikuwapo, hazikuletwa na kadi. Huenda tagi haikubandikwa vizuri kwenye kioo, au namba ya gari haikuwa kwenye akaunti. Zitenge na uzipinge kwa sababu yake. Ukizichanganya, msomaji wa barua ataona maelezo hayaendani na tarehe, na atakataa zote.

Hatua ya 4: Andika barua fupi, kwa Kiingereza

Usiseme hukupita, maana picha wanayo. Usiseme pia kwamba hukujua, kwani mkataba wa akaunti hukutaka uhakikishe njia ya malipo inafanya kazi. Unachoomba ni kimoja: faini ziondolewe, nawe ulipe tozo zenyewe kwa kiwango cha E-ZPass.

Aya ya kwanza itaje namba ya akaunti, ya gari na za notisi zote. Ya pili ieleze tarehe benki ilipofuta kadi na kwamba akaunti ilikuwa na historia nzuri. Ya tatu iseme tarehe uliyorekebisha na salio la sasa. Ya nne iombe faini zifutwe na tozo zikatwe kwenye akaunti. Ukurasa mmoja unatosha. Lawama dhidi ya ofisi ziache, hata kama unazo.

Tuma kupitia fomu ya kupinga iliyo mtandaoni na uhifadhi namba ya uthibitisho. Kama fomu inapokea notisi moja moja, jaza kwa kila moja, ukiambatisha jedwali lilelile. Nakala nyingine itume kwa posta ya kusajiliwa ya USPS (posta ya Marekani). Na usilipe notisi nzima ukitarajia kurudishiwa baadaye: sehemu nyingi malipo hufunga shauri.

Hatua ya 5: Piga simu

Baada ya kutuma, piga. Uliza kama notisi zimewekwa alama ya kupingwa ili zisiendelee kuongezeka. Andika tarehe, saa na jina au namba ya mhudumu. Akikuambia anaweza kufuta sehemu tu, omba msimamizi mara moja. Msimamizi naye akikupa punguzo la faini nyingi na kubakiza chache, kwa maoni yetu chukua, ila upate uthibitisho wa maandishi kabla ya kulipa.

Hatua ya 6: Wakikataa

Utaratibu hutofautiana kwa jimbo. California, ambayo hutumia FasTrak badala ya E-ZPass, imeuandika vizuri zaidi kwenye sheria ya magari: una siku 21 tangu notisi ya kwanza, au siku 15 tangu kutumwa notisi ya kuchelewa, kutegemea ipi inakuja mwisho. Ukikataliwa, siku 15 za kuomba mapitio ya kiutawala, ambapo unaweka amana ya kiasi kinachodaiwa au unathibitisha huna uwezo. Ukishindwa tena, siku 20 za kwenda mahakamani, na shauri linasikilizwa upya.

New York kinachouma ni usajili wa gari: tozo tatu au zaidi zisizolipwa ndani ya miaka 5 zinaweza kuusimamisha. Kwa anayeendesha Uber au kubeba mizigo, hilo ndilo la kuzuia kwanza, hata kwa kukubali mpango wa malipo.

Deni likishapelekwa kwa wakusanya madeni, iombe ofisi ya tozo ilirudishe kwao. Usitegemee barua za kumtaka mkusanya madeni athibitishe deni, kama zile zinazotumika kwa bili za hospitali. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho inayohudumia New Jersey, Pennsylvania na Delaware iliamua kwamba tozo ya barabara si deni linalolindwa na sheria ya shirikisho ya ukusanyaji madeni.

Unaposafiri kwenda nyumbani na kumwachia ndugu gari, weka salio la kutosha kwa muda wote utakaokuwa huko, na washa arifa za barua pepe za kadi iliyokataliwa.