Namna ya Kuihakiki Filamu ya Kutisha Iliyotengenezwa kwa Fedha Kidogo

Mtazamaji anayetaka maoni yake kuhusu filamu ya kutisha yawafae wengine hana budi kuanza kwa kujiuliza aliitazamia wapi, kwa sababu filamu za aina hii hutegemea mno sauti na giza. Hapa Bagamoyo wengi wetu tulizifahamu kwenye vibanda umiza, yaani vibanda vya mtaani vya kuonyeshea video, ambako filamu ya kigeni huonyeshwa ikiwa imetafsiriwa, yaani mtafsiri anasimulia kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Burudani yake ni kubwa, lakini mtafsiri hanyamazi, ilhali ukimya ni nusu ya kazi ya filamu hizi: pale mwongozaji alipokusudia usikie bawaba ya mlango ikilia, wewe unasikia mzaha. Kwa hiyo, kabla hujaandika neno, itazame filamu usiku, kwa sauti yake ya asili, ukiwa umevaa vipokea sauti vya masikioni, na uifikishe mwisho. Mimi niliwahi kuilaumu filamu moja kwamba haina hitimisho, kumbe umeme ulikatika ikiwa imebaki robo saa, nami nikaandika kwa hasira bila kurudi kuimalizia.

Weka daftari karibu, uandike dakika uliyotishika na kilichokutisha. Hukumu itakuja baadaye. Tofautisha pia kushtuka na kuogopa. Mlango ukibamizwa ghafla hata paka hushtuka, lakini hofu ni ile inayokufanya ugeuke nyuma unapopita peke yako kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, saa mbili nzima baada ya filamu kwisha. Na watazamaji wakicheka, usikimbilie kuandika kwamba filamu imeshindwa, kwani watu wengi hucheka ili kujiondolea woga. Sikiliza kama kicheko kilikuja kabla ya kitisho au baada yake.

Suala la fedha ndilo linalowapotosha wahakiki wengi. Tazama Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, iliyogharimu takriban dola 114,000 na kupigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Damu inayoonekana humo ni shira ya chokoleti, na kwa kuwa picha haina rangi, jicho halina namna ya kugundua. Filamu hiyo inafaa kwa mazoezi kwa sababu nyingine pia: jina lake lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki liliachwa nje, hivyo nchini Marekani ikawa mali ya umma, nayo inapatikana bure kwenye intaneti. Kisha tafuta The Blair Witch Project ya mwaka 1999, ambamo waigizaji wenyewe ndio walioshika kamera na mchawi haonekani hata mara moja. (Nisamehewe kwa kuwamalizia uhondo, lakini filamu hiyo ina zaidi ya miaka 20.) Ukishaziona hizo mbili, hutaandika tena kwamba filamu ni mbaya kwa sababu kamera ilitikisika au mwanga ulikuwa hafifu, nami nakusudia mwanga wa taa, si yule wa usiku wa manane. Utauliza kama mtikisiko ule ulificha kitu ulichotaka kukiona, au ulificha uvivu tu. Maneno ya waigizaji yasiyosikika, kwa upande mwingine, sioni sababu ya kuyasamehe, maana kurudia kurekodi mazungumzo hugharimu muda kuliko fedha.

Ugumu wa pekee unaibuka pale filamu inapokuwa ya hapahapa. Mji huu una TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza mwaka 1981 kama Chuo cha Sanaa, na haishangazi mtu kumtambua jirani yake akiwa amepakwa majivu usoni akiigiza mzuka. Mapenzi ya ujirani huzaa sifa tupu, na sifa tupu hazimsaidii. Taja tukio moja lililofanya kazi na moja lililokwama, na ueleze sababu ya kila moja: kwa mfano, kwamba jini alitisha alipokuwa sauti tu ndani ya magofu, na hofu ikaisha pale alipoonyeshwa mzimamzima mchana kweupe. Mwisho wa filamu usiufichue. Kisha isome tena kila sentensi ya lawama na uifute ile ambayo ungeona haya kumwambia mwigizaji huyo mkikutana kesho kwenye soko la samaki.