Kupima IL-6 kwa ELISA katika damu ya mgonjwa wa ini

ELISA ni kipimo kinachonasa kitu kati ya kingamwili mbili: moja imebandikwa kwenye kisima, nyingine hubeba kimeng'enya kinacholeta rangi. Ini linapopata uvimbe, seli za Kupffer (seli za ulinzi zilizomo ndani yake) hutoa TNF na IL-6, ambazo ni saitokini, yaani protini za kupeana ishara kati ya seli. IL-6 ndiyo huzichochea seli za ini zitengeneze CRP, protini inayopimwa kama dalili ya uvimbe mwilini. Kwa hiyo usitegemee CRP peke yake: ini likishachoka sana hushindwa kuitengeneza, majibu yanarudi madogo huku IL-6 iko juu.

Makosa mengi hutokea kabla sahani ya visima 96 haijatoka kwenye friji. Chukua damu kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, iache igande dakika 30, kisha izungushe kwenye sentrifuji kwa 1000 g, dakika 15. Ikikaa mezani nusu siku, chembe nyeupe zinaweza kuendelea kutoa saitokini humo chupani. Gawa seramu (majimaji yanayobaki juu ya damu iliyoganda) kwenye vichupa vidogo na uigandishe kwa nyuzi -80. Kila kichupa kiyeyushwe mara moja tu. Seramu nyekundu, iliyopasuka chembe, itupe. Ya mgonjwa mwenye manjano kwa kawaida inaweza kutumika, kwa kuwa bilirubini (rangi ya manjano iliyomo) huondoka kwa sehemu kubwa wakati wa kuosha.

Andaa mfululizo wa viwango saba (myeyusho wenye IL-6 ya kiasi kinachojulikana, wa kulinganishia), kila kimoja nusu ya kilichotangulia, na kila sampuli iingie visima viwili. Weka mikrolita 100, subiri saa 2, osha, kisha weka kingamwili yenye kimeng'enya na uoshe tena. Osheni kwa umakini: jaza kisima, mwaga, gonga sahani juu ya karatasi kavu hadi isibaki tone. Kimeng'enya kikibaki, hata visima vitupu vitageuka bluu. Baada ya TMB (kemikali ambayo kimeng'enya huigeuza bluu) kukaa gizani dakika 20, ongeza asidi; bluu itageuka njano. Soma kwa nanomita 450 ndani ya dakika 30, ukitoa usomaji wa 570.

Wagonjwa wa hepatitisi C wana mtego wao. Wengi wana rheumatoid factor, kingamwili inayoshika kingamwili nyingine, ambayo huunganisha kingamwili mbili za kipimo hata kama IL-6 haipo, na namba inapanda bure. Ukitilia shaka, zimua sampuli mara 2, 4 na 8. IL-6 ya kweli hushuka kwa nusu kila hatua. Ya uongo hushuka ovyo.

Kwenye fomu andika saa damu ilipochukuliwa, ALT (kimeng'enya cha ini kinachopanda damuni seli zake zikiumia) ya siku hiyo, na kama mgonjwa ana malaria au nimonia, maana hizo nazo hupandisha IL-6 ini likiwa zima.