Gasketi ya silinda hedi: ijue kabla gari halijachemsha

Nikikagua gasketi hii, mimi huanza na kifuniko cha rejeta, injini ikiwa imepoa kabisa. Ukikifungua ikiwa ya moto, maji yatakubabua uso. Gasketi ni kizibio chembamba; hii hukaa kati ya bloku (mwili wa injini) na silinda hedi (kichwa cha injini kinachofunika silinda), ikitenganisha moto wa silinda, oili na maji. Ikiungua, vinaanza kuingiliana.

Dalili? Maji yanapungua na huoni yanakovujia. Moshi mweupe wa ekzosi hauishi hata injini ikishapata moto (ule wa asubuhi ya baridi usikutie presha). Liwashe gari likiwa baridi, kifuniko kikiwa wazi: mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopenya. Kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena.

Adui wake mkubwa ni joto. Mshale wa temperecha ukipanda, simama, zima. "Nifike tu hapo mbele" ndiyo hupinda hedi. Weka kulanti (kimiminika maalumu cha kupoza injini), si maji matupu. Kagua feni, termostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto) na pampu ya maji.

Fundi akibadilisha, apime unyoofu wa hedi kwa rula ya chuma, akaze bolti kwa mpangilio wa kitabu cha gari. Bolti za aina inayovutika (hurefuka zikikazwa) hazitumiwi tena, hata zikionekana nzima.