Kubadilisha mfuko wa upepo wa nyuma kwenye Prado 120 bila kuupasua ule mpya

Wiki iliyopita mzee mmoja aliniletea Prado 120 kutoka Tandahimba, nyuma kulia imekaa chini kama kuku anayeatamia. Njiani walimwambia springi imekatika. Baadhi ya Prado 120, kama hiyo yake, hazina springi za chuma nyuma, zina mifuko miwili ya mpira inayojazwa upepo na kompresa. Wake ulikuwa umechanika kwenye mkunjo wa chini, pale mchanga unapopenda kujikusanya. Tukamaliza kabla ya adhuhuri. Wa kwanza niliofunga mimi ulinilia siku mbili na mfuko mmoja mpya, na chanzo ni hatua ya 5 hapo chini.

Kwanza hakikisha mwenye makosa ni mfuko. Washa gari linyanyuke, zima, kisha mwagia povu la sabuni ya unga kwenye mikunjo, pale paipu inapoingia, na kwenye maungio ya kompresa. Gari linaloshuka polepole usiku kucha lina kitobo kidogo. Lisilonyanyuka kabisa lina mpasuko, au kompresa imekufa. Huku kwetu pwani kuna mwizi wa tatu: chumvi. Inagandisha kikono cha sensa ya kimo, ile inayopima gari limekaa juu kiasi gani, kompyuta inadanganywa, na wewe unanunua mfuko bure. Kisukume kwa mkono uone kama kinacheza.

Ukishajua upepo unavuja, bonyeza kitufe cha OFF cha kimo, kile kinachozima mfumo wa kunyanyua gari. Usipofanya hivyo kompresa inaweza kusukuma kupita kiasi mpaka iungue, na hiyo ni gharama nyingine.

Kuhusu spea, nunua mpya. Mfuko wa mtumba ni mpira uliozeeka kwenye gari la mtu mwingine. Na gundi ya pancha usinitajie.

Hatua ya 1. OFF iwe imebonyezwa. Weka kigingi kwenye matairi ya mbele, nyanyua chasisi kwa jeki, weka stendi mbili, toa tairi la upande huo. Ardhi yetu ya Mtwara ni mchanga, stendi inazama, kwa hiyo weka ubao mnene chini yake. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 2. Toa upepo uliobaki kwa kulegeza paipu taratibu. Vidole vikae mbali na katikati ya ekseli na chasisi.

Hatua ya 3. Toa kibanio cha juu, toa mfuko, safisha kikalio kwa brashi ya waya.

Hatua ya 4. Ncha ya paipu ikiwa na mikwaruzo, ikate kwa wembe mpya, mkato unyooke, usiwe mshazari. Koleo inaiponda na itavuja. Ringi ya mpira ya zamani itoe, mara nyingi inabaki ndani ya tundu.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilifunga mfuko vizuri, nikashusha gari, nikawasha. Mfuko ulikuwa mtupu: uzito wa gari uliukunja vibaya, ukajibana, ukapasuka. Mfuko mpya lazima uwe na upepo kabla ya kubeba chochote.

Tatizo ni kwamba gari likiwa juu ya stendi na ekseli inaning'inia, sensa inaona nyuma ya gari iko juu mno. Ukiwasha, kompyuta haitajaza. Itatoa hata upepo uliopo. Nilikaa nikisikiliza kompresa isiyoamka nikidhani fyuzi imekatika, nikafungua dashibodi nzima.

Fanya hivi. Ukishafunga mfuko mpya na paipu yake, gari libaki kwenye stendi, weka jeki ya pili chini ya ekseli, uipandishe mpaka mfuko uwe karibu na urefu wake wa kawaida. Angalia mkunjo umekaa sawa pande zote, haujapinda wala kubanwa. Kisha fungua kiungo cha sensa ya upande huo, washa injini, toa OFF, na usogeze kikono kwa mkono upande ule ambao gari lililozama lingekisogeza. Kompresa itaamka. Usijaze kupita kiasi: mfuko ukisimama imara, rudisha kikono katikati. Ukikosea upande utasikia upepo ukitoka, geuza tu. Kama mkunjo unajiviringisha vibaya, toa upepo uanze upya, usiulazimishe. Bonyeza OFF, rudisha kiungo, funga tairi, shusha polepole huku mtu akiangalia mfuko.

Hatua ya 6. Povu tena. Pima kutoka ukingo wa bodi hadi chini pande zote mbili, pima tena asubuhi.

Anayebeba magunia ya korosho kila msimu ningemwambia aweke springi za chuma aachane na hili. Nilimwambia mzee wa Tandahimba hivyo. Akakataa, akasema mgongo wake unaijua tofauti.