Projekti ya grupu mwaka wa pili, fanyeni hivi mapema

Wadogo zangu wa softwea enjiniaringi, uwe pale CIVE UDOM (koleji ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dodoma) au chuo kingine chochote, hii inahusu ile projekti ya watu watano sita mnayopewa mwanzo wa semista halafu mnaikumbuka UE, mitihani ya mwisho wa semista, zinakaribia.

Sisi tulikuwa sita, laptopu za maana tatu. Kodi yote, yaani maandishi ya programu yenyewe, ilikaa kwenye mashine ya mwenzetu mmoja, wengine tunatumiwa zipu WhatsApp, Jumapili usiku mashine ikagoma kuwaka na presentesheni ni Jumanne. Zipu mpya kuliko zote ilikuwa ya wiki mbili nyuma, imeandikwa projekti_mwisho_mwisho2. Tukakesha vimbwetani, na bado lekchara alipouliza nani kaandika sehemu ya malipo tukabaki tunatazamana.

Kwa hiyo kabla hata ya kubishania rangi za batani, wekeni Git, programu inayotunza historia ya kila badiliko la kodi, kwenye kila laptopu. Wengi wanaikwepa wakidhani inakula bando, sio kweli. Linus Torvalds aliitengeneza 2005 kwa ajili ya wanaojenga Linux, na kila mashine inabeba historia nzima ya projekti, yaani unakomiti (unaihifadhi kazi yako kwenye historia hiyo) hata kama huna MB moja, bando unalihitaji pale unapopushi, yaani unapotuma kazi GitHub, tovuti ya kuwekea projekti za Git, au unapopulu, yaani unapovuta kazi ya wenzako. Bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, halijatoka na wote mmekauka? Mwenye kazi mpya aandike git bundle create projekti.bundle --all, faili liingie kwenye flashi, asiye na kitu bado aandike git clone projekti.bundle, na aliyekwisha kuanza anapulu kutoka faili hilo hilo, git pull projekti.bundle main, kama tawi lenu (mkondo wa kazi mnaoutumia) linaitwa main.

Kabla ya komiti ya kwanza tengenezeni faili la .gitignore, orodha ya vitu ambavyo Git isivibebe, ndani muweke node_modules/ kama mnaandika JavaScript kwa Node, maana folda lile linafika mamia ya MB kirahisi sana na mkilipushi ndio bando la wiki limeondoka. Wekeni na .env, humo ndio nywila ya database inakaa.

Sasa wale mnaotumia laptopu moja kwa zamu. Umeandika kodi usiku kucha kwenye mashine ya rafiki yako, ukikomiti hivi hivi historia inatoka jina lake na wewe unaonekana hukufanya kitu. Andika git commit --author="Jina Lako <barua pepe yako>", basi, lekchara akifungua historia anakuona. Na maelezo ya komiti yaeleweke, "fomu ya usajili isikubali namba ya simu yenye herufi" inamwambia mwenzako kitu, "mabadiliko" haimwambii kitu.

Kugawana kazi ndio nalisema kwa uchungu kabisa. Msigawane kwa "wewe kodi, wewe slaidi, wewe ripoti". Anayepewa ripoti mara nyingi ni yule dada mmoja kwenye grupu, au yule asiye na laptopu, na mwaka unaofuata anapewa ripoti tena kwa sababu eti hajui kukodi, atajulia wapi sasa? Akienda PT, mafunzo ya vitendo kazini, anawekwa kwenye kompyuta na hajawahi kusetapu hata database. Gawaneni kwa kazi za mfumo, mmoja usajili, mmoja malipo, mmoja risiti, kila mtu aguse database na skrini na aandike kurasa zake za ripoti mwenyewe. Hapo pia hamgongani kwenye faili moja, ila bado pulu kila unapoanza kazi, usisubiri wiki.

Kama ni apu ya Android na laptopu ni ya ramu GB 4, achana na emuleta, ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, itaganda tu. Ingia mipangilio ya simu yako, sehemu ya kuhusu simu, gusa Build number mara 7, itatokea Developer options, humo washa USB debugging, chomeka waya kwenye laptopu ujaribu apu kwenye simu yenyewe.

Siku moja kabla ya presentesheni tafuteni laptopu ambayo haijawahi kuiona projekti yenu, iklonini upya kutoka GitHub na muiwashe kwa kufuata README, faili la maelekezo mliyoandika wenyewe. Sisi mara ya pili tulivyofanya hivyo tukagundua faili la database halikupushiwa, ilikuwa saa kumi jioni, tukawa na usiku mzima wa kulirekebisha.