Kupanga Safari ya Kutazama Ndege Malindi Msimu wa Kaskazi

Wakati Ulaya na Siberia zimefunikwa na baridi, pwani yetu huwa katika kaskazi, na matope ya Hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na mdomo wa Mto Sabaki hujaa ndege waliosafiri maelfu ya kilomita. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mgeni wa kutoka bara kupanga safari ya namna hiyo.

Hatua ya kwanza: mwezi

Chagua Januari au Februari. Ndege wengi hufika kuanzia Agosti na kuondoka kufikia Aprili, lakini miezi hiyo miwili mvua ni chache na njia za msituni hupitika.

Hatua ya pili: maji

Usilipie chumba kabla ya kujua maji yatakuwaje, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibika. Mtu akifika Mida maji yamekupwa kabisa, ndege huwa wametawanyika mbali sana kwenye matope, na akifika yamejaa kabisa, hukuta wengi wamekwenda kupumzika mikokoni. Saa nzuri ni ile maji yanapopanda na kuwasogeza kidogo kidogo kuelekea ulipo, yaani takriban saa mbili au tatu kabla ya kujaa.

Hesabu yake huanza na mwezi wa angani, kama wavuvi wanavyofanya. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, na katika pwani hii maji ya bamvua hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hukupwa karibu saa nne. Kila siku inayofuata nyakati hizo huchelewa kwa takriban dakika 50, hata maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu, yanapofika, kujaa huwa kumehamia asubuhi. Kwa hiyo mimi hupendekeza siku ya bamvua na siku mbili tatu baada yake: maji hupanda alasiri, na ukisimama upande wa magharibi wa hori jua huwa mgongoni mwako, ilhali siku za maji mafu utatazama asubuhi huku jua likikuchoma machoni.

Zingatia pia mambo haya. Majedwali ya kujaa na kupwa ya bandari ya Kilindini, Mombasa, yanatosha, kwa kuwa tofauti yake na Malindi ni ndogo, lakini huandikwa kwa saa 24, hivyo 16:00 ni saa kumi alasiri. Baadhi ya programu za simu hutoa saa za kimataifa, nawe hulazimika kuongeza saa tatu. Tena, maji huchelewa kuingia ndani ya hori kuliko ufukweni. Naliamini zaidi jedwali la karatasi, na zaidi ya hilo namwamini mvuvi wa Mida. Muulize siku moja kabla.

Hatua ya tatu: vifaa

Darubini ya mkononi ya 8x42 (inayokuza mara nane, yenye lenzi za milimita 42) inatosha msituni, lakini kwenye matope darubini kubwa ya miguu mitatu ni ya lazima.

Hatua ya nne: Mida na Sabaki

Mida, tumia daraja la mbao linalopita kati ya mikoko, na umlipe kijana wa hapo akuongoze. Mtafute kwanza Dromas ardeola, mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye hutaga ndani ya mashimo ya mchanga huko Uarabuni na kandokando ya Bahari ya Shamu. Utaona pia sululu, na vitwitwi wa aina nyingi, akiwamo Xenus cinereus mwenye mdomo uliopinda kwenda juu. Sabaki, kaskazini mwa mji, nenda asubuhi kuwatafuta heroe, shakwe na buabua, wala usitembee ukingoni bila mwenyeji, kwani mtoni mna viboko.

Hatua ya tano: msitu

Tenga alfajiri moja na magharibi moja kwa Arabuko-Sokoke, wenye takriban kilomita za mraba 420. Bundi mdogo wa Sokoke hulala mchana katika vichaka vizito, na waongozaji wa msitu ndio wanaojua matawi yake. Nakuomba sana usicheze sauti yake kwenye simu ili kumwita: hudhani eneo lake limevamiwa, naye ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.