Jinsi ya kuandaa ushauri wa pamoja wa akademia za sayansi hadi usomwe wizarani

Mimi ni mtu wa sekretarieti. Maprofesa hukaa mezani wakajadili. Mimi naandika hadidu za rejea, nakata tiketi, nafukuzia saini, na baadaye napiga simu wizarani kuuliza kama barua imefika masjala au imeishia kwa mlinzi. Haya nayaandika kwa ajili yako uliyekabidhiwa kuratibu akademia (vyombo vya wanasayansi waliobobea) mbili tatu za nchi jirani zitoe ushauri mmoja, na hujui uanzie wapi.

Nitatumia mfano wa neonikotinoidi, viuatilifu vinavyopakwa kwenye mbegu au kupuliziwa shambani na vinavyolalamikiwa kwa kudhuru nyuki, kwa kuwa mada hii imekwisha kupita njia ya akademia. Akademia za Ulaya, kupitia baraza lao la ushauri EASAC, zilitoa ripoti mwaka 2015. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku viambata vitatu vya kundi hilo visitumike katika mashamba ya wazi. Mwaka 2019 NASAC, mtandao wa akademia za sayansi za Afrika wenye makao Nairobi, ukatoa mapitio yake kuhusu kilimo cha bara letu. Tuseme sasa akademia za Tanzania, Kenya na Uganda zinataka kulipeleka suala hilo hadi kwenye maamuzi.

Anza na mwenye swali. Kabla hujaita mkutano, tafuta ofisi yenye mamlaka ya kuamua, iombe ikuandikie barua ya kuhitaji ushauri. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayoamua kama ripoti itasomwa au itawekewa kikombe cha chai juu yake. Ripoti kubwa ya akademia za dunia kuhusu kilimo cha Afrika, iliyotoka mwaka 2004, iliombwa na Kofi Annan akiwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 2010 Ban Ki-moon na mwenyekiti wa IPCC, jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, waliziomba akademia hizo hizo zichunguze namna jopo linavyofanya kazi. Aliyeomba jibu hulipokea hata likiwa chungu.

Kisha linoe swali. "Je, neonikotinoidi zina madhara kwa nyuki?" ni swali zuri la semina, lakini hakuna mtendaji atakayelifanyia kazi. Andika hivi: "Mamlaka za usajili wa viuatilifu za nchi zetu tatu ziweke masharti gani kwa mbegu zilizopakwa neonikotinoidi, kuanzia msimu upi?" Hapo kuna ofisi, kuna kitu, kuna wakati. Kwa Tanzania ofisi hiyo ni TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kenya na Uganda zina vyombo vyao, na ni lazima uvijue kwa majina na kwa simu.

Kamati isiwe kubwa. Kila akademia ipendekeze majina zaidi ya nafasi zake, ili mchanganyiko uupange wewe na mwenyekiti: mtaalamu wa wadudu, wa nyuki, mchumi wa kilimo, mtu wa afya ya wafanyakazi wa mashambani, na mmoja anayezijua sheria za usajili. Ukiacha kila nchi ilete aliye mkubwa kuliko wote, utapata wataalamu watatu wa wadudu wanaofahamiana tangu chuo. Fomu ya mgongano wa maslahi ijazwe kabla ya kikao cha kwanza, si baada. Aliyefanya utafiti kwa fedha za kampuni ya viuatilifu anaweza kuitwa kutoa maelezo, lakini asiandike mapendekezo. Mwenyekiti naye si lazima atoke kwenye fani yenyewe. Uchunguzi ule wa IPCC uliongozwa na Harold Shapiro, ambaye ni mchumi, na nadhani ndiyo sababu hakuogopa kuuliza maswali ya kijinga.

Sasa ushahidi. Usibebe matokeo ya Ulaya kama yalivyo. Kule mengi yametokana na mashamba makubwa ya zao moja na nyuki wa huko. Huku mkulima ana nusu ekari ya mahindi yaliyochanganywa na maharage, anapuliza nyanya kwa bomba la mgongoni, na jirani yake anafuga nyuki wadogo wasiouma. Sumu ni ile ile, lakini inavyomfikia nyuki na binadamu ni tofauti. Takwimu za huku mara nyingi hazipo kwenye majarida. Zipo kwenye ripoti za maofisa ugani na tasnifu za uzamili zilizolala maktaba. Zitumie, ila kila ushahidi uupe alama inayosema kama ulipitiwa na wataalamu wengine. IPCC ilijifunza hilo kwa aibu: ripoti yake ya mwaka 2007 ilidai barafu ya Himalaya ingeweza kutoweka ifikapo 2035, na chanzo cha dai hilo hakikuwa kimepitiwa kitaalamu. Sentensi moja ikatosha kuwapa maneno waliokuwa wakiitafutia sababu.

Rasimu ikikamilika, ipeleke kwa wahakiki ambao hawakuwa kwenye kamati, wengine nje kabisa ya nchi tatu. Hapa jedwali ndilo linalokuokoa. Langu lina safu tano: namba, ukurasa, maoni ya mhakiki, jibu la kamati, kilichobadilishwa. Jina la mhakiki halimo. Hakuna mstari unaoachwa wazi, hata kama jibu ni "hatukubali, kwa sababu hii". Mtu mmoja asiye mwanakamati anapitia mstari kwa mstari na kutia saini. Profesa atakasirika, atasema hajawahi kusahihishwa namna hiyo tangu alipokuwa mwanafunzi. Mwache akasirike, mpe chai, kisha mrudishe kwenye mstari wa kumi na nne.

Kuhusu nembo: panga kwa alfabeti ya majina ya nchi, na mkubaliane kwa maandishi siku ya kwanza. Mabishano ya nembo ya nani itangulie huja wakati mpiga chapa anasubiri.

Ripoti kamili iwe na urefu inaouhitaji, lakini kinachokwenda wizarani ni kurasa mbili. Juu kabisa weka jambo moja ambalo waziri anaweza kulisema bungeni bila kusoma. Akademia saba za Afrika zilifanya hivyo mwaka 2009 kuhusu afya ya mama na mtoto: huduma zinazojulikana tayari zikifikia asilimia 90 ya wahitaji, karibu watu milioni 4 wangeokolewa kila mwaka. Kwa Bunge la Dodoma andika kwa Kiswahili tangu mwanzo, usingoje kutafsiri usiku wa mwisho.

Halafu, na hapa nina msimamo: ushahidi uwe mmoja, barua ziwe tatu. Waziri wa Uganda hataki kusoma kuhusu sheria ya Kenya. Kila akademia iandike barua yake ikitaja kanuni yake, ofisi yake na tarehe zake. Nchi zote tatu huanza mwaka wa fedha Julai 1, lakini milango hufungwa mapema na kwa nyakati tofauti. Kenya, taarifa ya sera ya bajeti hufika bungeni kufikia Februari 15. Uganda, andiko la mfumo wa bajeti huwasilishwa kufikia Desemba 31. Tanzania, Bunge la bajeti huanza Aprili, na kamati huwa zimekwisha kukaa. Ushauri unaohitaji fedha ukifika Mei utapongezwa tu.

Usiogope kupita kwa katibu muhtasi. Yeye ndiye anayejua bosi husoma saa ngapi. Mimi huongea hivi: "Dada, habari za kazi. Nina kurasa mbili za Katibu Mkuu, si kitabu. Nilete lini azione kabla ya kikao?" Na yeye: "Lete Jumatatu asubuhi, ukichelewa saa nne ameshaondoka." Peleka Jumatatu, saa moja na nusu.

Baada ya miezi sita piga tena, uliza pendekezo lipi limechukuliwa, lipi limekataliwa, na kwa sababu gani. Yaandike majibu kwenye karatasi moja, uitume kwa akademia zote tatu, hata ile ambayo wizara yake haikujibu kitu.